Mkono wa Kulia

Watu waliokuja kutufariji baada ya mazishi walikuwa wakiomba kwenda bafuni, na wakitoka huko wananiangalia kwa namna. Bafu letu lina mlango mpana kuliko mlango wa mbele. Halina kizingiti. Ndani kuna benchi la zege lililovikwa vigae, mpira wa maji uliotundikwa chini, pale mtu aliyekaa anapoweza kuufikia, na vyuma viwili vya kushikia, kimoja ukuta huu na kingine ukuta ule. Mjomba aliniuliza, "Vyuma viwili vya nini, mnafanya mazoezi humu?" Nikamwambia vilikuwa vya mama. Sikumwambia kwa nini ni viwili. Habari yenyewe ni ndefu, na msibani kila mtu anataka habari fupi.

Naiandika kwa sababu sauti ya mama imeanza kunipotea. Maneno yake ninayo, hata utani wake ninao. Sauti ndiyo inayokwenda.

Kiharusi kilimpata akianua nguo. Kilimchukua upande mmoja: mkono wa kulia, mguu wa kulia, na pembe ya mdomo. Hospitali walimrudishia mdomo, karibu wote. Mkono na mguu vikabaki kuwa vyake kwa jina tu. Akarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Baba alikuwa ametangulia siku nyingi, kwa hiyo ndani ya nyumba tulikuwa mama na mimi, mziwanda wake. Dada yangu, aliyeolewa mbali, aliacha nyumba yake akaja kumwogesha, kumvalisha na kumlisha.

Kulisha hakukudumu. Mama alimnyang'anya dada kijiko akakishika kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza chakula kilifika kidevuni, kikafika shavuni, mdomoni kikafika kidogo.

"Taratibu, mama," dada akasema. "Huo mkono wa kushoto haujazoea."

"Kushoto kwa nani?" mama akajibu, mdomo umejaa. "Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Na mimi chakula nalia huu hapa. Ule mwingine umestaafu, msiusumbue."

Tulicheka mpaka dada akafuta machozi. Tangu siku ile utani ukawa lugha ya nyumbani. Dada akiniambia, "Mpe mama kikombe mkono wake wa kulia," nilimpa upande wa kushoto bila hata kufikiri. Mgeni angetuona wendawazimu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hatukulitaja. Dada alikuwa na watoto, na watoto walikuwa wakipiga simu kuuliza anarudi lini. Akiondoka, nani atamwogesha mama? Mimi ni mwanamume, tena mwanawe wa kumzaa. Siku nilipolikaribia jambo hilo, nikiwa nimeinama namfunga kamba za viatu ili nisimtazame, alinikata kabla sijamaliza.

"Mimi nilikuogesha wewe. Wewe hutaniogesha mimi. Siku utakayoniona mwili wangu, ujue nimeshakufa na sina habari."

Tulijaribu kumtafuta mwanamke wa kumsaidia. Alikuja mmoja, akaondoka siku hiyo hiyo. Mama alisema alimsugua kama sufuria iliyoungua. Jirani yetu, ambaye mtaani anaitwa Mama Redio, akajitolea mwenyewe kwa moyo mweupe. Mama alimshukuru sana, akamsindikiza kwa macho mpaka nje, kisha akatuambia, "Nikimvulia nguo yule, kabla ya adhuhuri hata mbuzi watakuwa wanajua kovu langu liko wapi. Nitengenezeeni bafu. Nitaingia mwenyewe."

Nililiogopa bafu lile kuliko nilivyokiogopa kiharusi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipokuja kumwona mama nyumbani, aliomba kulitazama. Alisimama kwenye kizingiti, akapitisha kiatu chake juu ya vigae vilivyokuwa vikimeta kama sahani, kisha akausukuma mlango. Ulikuwa ukifunguka kwa ndani.

"Akianguka nyuma ya mlango huu," alisema, "mwili wake mwenyewe ndio utakaoufunga. Mtasukuma, na mtakuwa mnamsukuma yeye."

Kisha akatuvuta pembeni, mimi na dada, akatuambia jambo la pili: kwamba kiharusi kikirudi, mara nyingi dalili ya kwanza ni maneno. "Mkisikia anaburuta maneno, msisubiri kupambazuke wala ndugu waje. Mleteni."

Mambo hayo mawili yaliingia ndani yangu yakakaa. Mimi ni fundi simu, nina kibanda barabarani. Nikiwa nimeinamia simu ya mtu, bisibisi mkononi, nilikuwa nauona mlango ukisukumwa na kukataa kufunguka. Nilikuwa nampigia dada bila sababu. "Anaongea vizuri?" Dada akawa ananijibu, "Anakutukana vizuri."

Tukamwita fundi mwashi. Huyu tunamwita Fundi Bado, kwa sababu ukimuuliza lolote, hata kama amekula, jibu lake ni "bado kidogo." Kazi yake lakini ni nzuri. Alibomoa kizingiti mpaka sakafu ya bafu ikawa sawa na ya korido. Alipanua mlango kiti kipite, akaugeuza ufunguke kwa nje. Alitoa vigae vya kumeta akaweka vya mkwaruzo, akaipa sakafu mteremko mdogo kuelekea tundu la maji. Akajenga benchi kwenye ukuta wa mwisho, ili mama akikaa awe anatazama mlangoni.

Ugomvi ulikuwa juu ya komeo. Mimi sikulitaka. Mama alilitaka.

"Mlango bila komeo ni pazia," alisema.

"Mama, ukianguka nitaingiaje?"

"Nani kasema utaingia?"

Fundi Bado alikaa na komeo lake mkononi, akimtazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetazama mechi. Mwisho dada akatuamua: komeo lisiwepo, lakini mimi niape kwamba sitaufungua mlango ule mama akiwa ndani mpaka yeye mwenyewe atamke "njoo." Nikaapa. Mama akanirudisha niape tena, polepole, kama mtoto anayesomeshwa.

Kilikuwa kimebaki chuma cha kushikia. Siku kilipofungwa mimi nilikuwa kibandani. Dada ndiye aliyesimama na fundi, na alimwambia hivi, kwa maneno yake mwenyewe: "Mama anashikia mkono wa kulia, kwa hiyo kiweke upande wake wa kulia akiwa amekaa." Fundi akakaa kwenye benchi, akanyoosha mkono wake wa kulia, akaweka alama ukutani, akawasha drili. Baadaye wakamleta mama kwa kiti mpaka mlangoni akikague. Ukiwa mlangoni unatazama ndani, chuma kile unakiona kushoto. Mama akakiona upande wa mkono wake mzima, akasema, "Hapo hapo." Jioni nilining'inia kwenye chuma kile kwa uzito wangu wote, hakikutikisika, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza.

Dada aliondoka asubuhi, akilia mlangoni na mabegi yake. Fundi alikuwa ametukataza kumwaga maji bafuni mpaka saruji ya vigae ishike sawasawa. Siku za kusubiri mama alijifuta kwa kitambaa chumbani, peke yake, mlango umefungwa, akinuna. Kisha asubuhi moja, nikiwa nachemsha chai, nikasikia magurudumu yakipita koridoni.

"Unakwenda wapi?"

"Sokoni," akasema. "Naenda kuoga, nakwenda wapi?"

Alikuwa na taulo begani na shuka mapajani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kuhojiwa kazi. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikaangalia vigae, nikaangalia maji, nikaangalia chuma. Sikuona kasoro. Akavuta mlango kwa mkono wake mzima, ukanifungia nje.

Nilikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mikono magotini. Nilisikia breki za kiti. Nilisikia mkwaruzo wake akijivuta kwenda kwenye benchi, pumzi moja ndefu, kisha kicheko kifupi. Alikuwa amekaa. Nikasikia magurudumu tena. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amekisukuma kiti kando kisilowe, na mteremko ukakichukua hadi asipokifikia. Maji yakafunguka.

"Nisemeshe, mama," nikasema.

"Nikusemeshe nini? Naoga."

"Chochote. Nikusikie tu."

"Basi ngoja nikusomee taarifa ya habari." Akaanza, kwa sauti ya redioni: "Leo asubuhi, mwanamke mmoja ameonekana akioga mwenyewe. Mwanawe, fundi simu asiye na mchumba, amekutwa nje ya mlango akitetemeka..."

Nilicheka, na hofu ikashuka kidogo. Alisoma taarifa ndefu. Mama Redio alikuwa na habari yake humo, Fundi Bado naye ya kwake. Kisha akasema, "Sasa nasimama," na taarifa ikakatika.

Nikasikia mkono ukipiga kigae. Ukapiga tena. Nikasikia akisema "ah," si kwa maumivu, kwa mshangao, kama mtu aliyefungua kabati akakuta si lake. Halafu kishindo. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama gunia linaloshushwa na mtu anayelihurumia.

Maji yakaendelea kumwagika.

"Mama?"

Maji.

"Mama!"

"Usije."

Nilikuwa nimeshasimama, mkono umeshika kitasa. Kitasa kilikuwa cha baridi.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekaa chini."

"Kwa nini umekaa chini?"

"Nimependa."

"Umeumia?"

"Nyamaza kwanza. Nafikiri."

Nilisikia akijaribu. Mtu akijaribu kunyanyuka kutoka kwenye sakafu yenye maji kwa mkono mmoja na mguu mmoja, anatoa sauti ambayo sitaki kuiandika. Alijaribu, akapumzika, akajaribu. Maji hayakufungwa, kwa sababu mpira ulikuwa umeanguka mahali asipoufikia. Asubuhi zetu zina baridi.

"Nimwite Mama Redio," nikasema.

"Ukimwita, mimi si mama yako."

"Basi niite mimi. Sema njoo."

"Uliapa."

"Nimeapa, na bado nimeapa. Ndiyo maana nakuomba useme."

Hakusema. Mlango haukuwa na komeo. Ungefunguka kwa kidole. Nilisimama mbele yake kama mbele ya ukuta, na nikajua kwamba nikiuvuta bila ruhusa yake, hata nikimtoa mzima, kuna kitu kitakachobaki humo ndani hakitatoka tena. Na nisipouvuta, huenda asitoke kabisa.

"Mama, zungumza."

"Na... nazu... ngumza."

Neno lilikuwa limekatika vipande, na vipande vyenyewe vilikuwa vizito.

"Rudia!"

"Ni... nini?"

"Sema... sema jina la mtaa wetu. Sema jina lako lote."

"Kwa... kwani umeni... sahau?"

Sikuweza kujua. Ilikuwa baridi, au ilikuwa ndiyo ile dalili? Mtu anayetetemeka meno anaongea hivyo. Mtu anayepatwa na kiharusi cha pili naye anaongea hivyo. Niliweka paji la uso kwenye mbao za mlango, nikafumba macho nisikilize vizuri, na hapo nilipofumba ndipo nilipopata la kusema.

"Mama, nitaingia nimefumba macho. Nitajifunga na shati. Sitakuona. Naapa kwa baba. Wewe utakuwa unaniongoza."

Maji yalimwagika kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari yoyote niliyowahi kusafiri.

"Fu... funga mara mbili," akasema.

Nikavua shati, nikajifunga machoni, nikazungusha mikono yake nyuma ya kichwa na kukaza fundo mpaka masikio yakauma.

"Nimefunga."

"Njoo."

Nilivuta mlango. Hewa ya maji ikanipiga kifuani. Giza lilikuwa la kweli, sikuona hata ncha ya mwanga, na nikaingia nikiburuta nyayo, mikono mbele. Goti langu likagonga chuma.

"Hicho kiti. Usi... kisukume, tutakihitaji. Kipite."

Nikakipita. Maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kuuma vifundo. Niliogopa kumkanyaga. Niliogopa mikono yangu, isije ikagusa isipotakiwa. Niliogopa zaidi kwamba sauti ingekatika, na mimi nimesimama pale kipofu na mama yangu chini yangu, nisijue ameenda wapi.

"Sasa njoo kulia," akasema.

Nikageuka, nikasimama.

"Kulia kwetu au kulia kwa watu?"

Palikuwa na kimya. Nilidhani amezimia. Kisha akasema, na safari hii maneno yalitoka yamekamilika:

"Fundi aliambiwaje?"

"Kuhusu nini?"

"Chuma! Dada yako alimwambia fundi kiwe wapi?"

"Kulia."

"Kulia kwetu."

"Ndiyo."

"Na yeye ni mtu wa nje," mama akasema. "Amesikia kulia kwa watu. Ameniwekea chuma upande wa maiti! Nimenyoosha mkono, ukuta mtupu. Nimejipinda kukifuata upande wa pili, ndipo nikajikuta huku chini."

Akaanza kutoa sauti. Ilianza chini ikapanda, ikawa inakwama na kurudi, na mimi ndani ya giza langu sikujua kama anacheka au analia. "Mama? Mama, vipi?"

"Yule maskini kafanya sawasawa," akasema, na hapo nikajua kwamba anacheka. "Tulioharibu ni sisi na midomo yetu. Acha pande. Usinitafute kulia wala kushoto. Njoo kwenye sauti."

Nikaenda kwenye sauti. Alikuwa akisema, "Huku, huku, huku," kama anayeita kuku, na nilipoinama mkono wake mzima ukanishika kifundo cha mkono. Ulikuwa wa baridi kama samaki. Haukuniachia.

"Kwanza funga maji. Mpira uko nyuma ya kisigino chako. Hapo. Sasa shuka iko kwenye kiti, ilete. Nyoosha. Teremsha. Teremsha... umenifunika kichwa, wewe!"

"Samahani."

"Mtoto umefunga macho tu, au na akili?"

Alijiviringisha mwenyewe, nikasikia kitambaa kikibana maji. Akanielekeza nimshike wapi: kwapa la upande uliostaafu, na mkono wangu mwingine chini ya magoti. Nikaomba Mungu vigae vya mkwaruzo viwe kweli vya mkwaruzo. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani na mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Nilipomnyanyua mguu wangu mmoja uliteleza kiasi cha kidole, na sote wawili tukavuta pumzi na kuizuia. Ukashika.

"Kiti kiko nyuma yako. Geuka. Zaidi. Shusha. Breki. Nimesema breki kwanza!"

Nikamshusha. Nilipomwachia, nikakaa chini kwenye maji. Nilikaa hapo nimefungwa macho na shati, nikitetemeka kuliko yeye. Alinigusa kichwani kwa mkono wake wa kulia. Wa kulia kwetu.

"Usifungue bado," akasema. "Acha nitoke."

Nilimpeleka hospitali mchana ule ingawa alipinga njia nzima. Muuguzi akamsikiliza, akamwambia atabasamu, akamwambia anyanyue mkono, akasema ilikuwa baridi tu. Mama akamtabasamia kwa namna ya kumwonyesha kwamba mdomo wake hauna tatizo.

Fundi Bado alipokuja alijitetea kabla hajaulizwa.

"Niliambiwa kulia. Nikaweka kulia."

"Kulia ipi?" mama akamuuliza.

"Kwani kuna kulia ngapi, mama?"

"Humu ndani, mbili."

Akanitazama mimi, kama anayeuliza kama mzee ameanza kupotea. Nikamweleza. Alicheka, akasikitika, akakuna kichwa. Chuma kile alikataa kukitoa. Alisema kimeshikana na ukuta, kikitoka ukuta unafuata. Akafunga kingine upande wa pili. Mama safari hii hakukagua akiwa mlangoni. Alikwenda mpaka kwenye benchi, akakaa na nguo zake, akanyoosha mkono, akasimama, akakaa, akasimama tena. "Hapo hapo," akasema, na akaniangalia.

Mimi nilikuwa nimeshaamua vinginevyo. Nilikuwa nimempigia dada, na tumekubaliana kwamba lazima apatikane mwanamke wa kumwogesha, mpole, hata atoke mbali. Nilimwambia mama jioni hiyo. Nilimwambia kwamba siwezi tena kukaa nje ya mlango ule. Sauti ya kile kishindo, nilimwambia, naisikia hata nikidondosha bisibisi.

Hakukasirika.

"Unaogopa," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi je? Unadhani humo ndani nilikuwa nafanya nini?"

Nikainama kuangalia breki za kiti chake.

"Nilianguka na nikaogopa na nikatoka. Usinipe mtu wa kunigeuza-geuza kama furushi la nguo kwa sababu wewe unaogopa. Ogopa. Lakini ogopea mbali."

Leo najua kwamba mwisho wake haukutoka bafuni. Ulitoka kifuani, mwaka uliofuata, wodini, dada amemshika mkono upande mmoja na mimi upande mwingine. Asubuhi ninayotaka kuimalizia hapa nilikuwa siyajui hayo. Nilichojua ni kwamba magurudumu yalipita tena koridoni, taulo begani, shuka mapajani, na mlango ukafungwa.

Nilikaa mahali palepale, mgongo ukutani. Breki zikalia. Maji hayakufunguka.

"Uko hapo," akasema kutoka ndani.

"Ndiyo."

"Nasikia unavyopumua. Unapumua kama mtu anayepandisha friji ghorofani. Ondoka."

"Niende wapi?"

"Popote. Nenda barabarani ukaone watu."

"Na ukianguka?"

"Nitakuwa nimekaa chini. Utarudi, utajifunga shati, utaniokota. Sasa unajua njia. Ondoka, sifungui maji mpaka nisikie mlango wa mbele."

Nilisimama. Nilitembea mpaka mlango wa mbele, nikaufungua, nikaufunga kwa nguvu ili asikie. Nikawa nje. Nilishuka mpaka kwenye kona, kwa fundi cherehani, nikasimama mbele ya mashine yake kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

"Mama hajambo?" akaniuliza, pini mdomoni.

"Hajambo. Anaoga."

"Anaogeshwa na nani, dada yako karudi?"

"Peke yake," nikasema.

Fundi cherehani akaendelea kunieleza habari za zipu ya suruali ya mtu iliyomsumbua tangu jana. Nilikuwa naitikia. Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa anaosha gari kwa mpira, na maji yalikuwa yakipiga chini kwa sauti ile ile, na kila yalipokatika nilisubiri kishindo. Nilitaka kukimbia. Nilishika ukingo wa meza yake, nikauliza swali kuhusu zipu, sijui swali gani, akanijibu kwa kirefu. Nilimwacha amalize. Kisha nikaaga nikarudi, natembea, nikijikataza kukimbia, na hatua za mwisho nikakimbia.

Nyumba ilikuwa kimya. Hapakuwa na maji, hapakuwa na taarifa ya habari. Nikaingia koridoni, na mlango wa bafu ulikuwa wazi kabisa.

Hapakuwa na mtu. Benchi lilikuwa limelowa, mpira umetundikwa mahali pake, sabuni iko kwenye kisahani. Kwenye sakafu ya korido kulikuwa na mistari miwili ya maji, ya magurudumu, imepinda kidogo ilipotoka mlangoni, kisha imenyooka mpaka chumbani kwake. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Nikabisha.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Ngoja," akasema. "Navaa."